Kurekodi EP ya kwanza Melbourne: nini kianze na nini kifuate

Vijana wetu hapa Melbourne, na Brisbane, Adelaide na Perth pia, wameanza kushika magitaa na mimi nafurahi kwelikweli. Wengi ni watoto wa Wakongo na Warundi waliopitia makambi ya Kigoma, wengine ni Watanzania na Wakenya waliokuja kusoma wakabaki, na wakisikia kwamba nilipiga besi kwenye bendi ya roki ya hapa wananiuliza swali lilelile, studio ni dola ngapi. Nawaelewa, hata sisi ndo swali tulilouliza la kwanza. Ila bei ya studio sio iliyotuumiza. Kilichotuumiza ni mpangilio, yani tulifanya la tatu kabla ya la kwanza, tukalipia kitu kimoja mara mbili, na nusura bendi ivunjike kabla hata watu hawajatusikia. Ni sawa na kununua bati la paa wakati ukuta haujasimama, bati ni zuri, hela umetoa, ila utaezeka nini. Kwa hiyo nasimulia jinsi tulivyorekodi EP yetu ya kwanza, yani rekodi fupi ya nyimbo chache, kwa mfuatano kama ilivyotokea, na bei nataja.

Tulikuwa wanne. Mwimbaji wetu alipiga pia gitaa la rizimu, dada mmoja kutoka Geelong alikuwa kwenye solo, mpiga dramu, na mimi kwenye besi. Besi nilijifunza Moshi kwenye kwaya ya vijana ya KKKT, kanisa la Kilutheri, ndo shule yangu ya muziki hiyo na naiheshimu mpaka leo. Muziki tuliopiga ni ile roki mbadala ambayo Australia wameipenda tangu miaka ya 90, beti zinaanza chini kwa gitaa safi, mtu anaimba karibu kama anaongea, alafu kiitikio kinakuja na distosheni nzito, ule mlio wa gitaa unaokwaruza, mpaka unaisikia kifuani. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, mimi nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala upande wa Dandenong, kwa hiyo kila dola niliyoweka kwenye bendi najua ilitoka kwenye mgongo wangu.

Sasa kuna habari moja ambayo kila bendi changa ya hapa inaijua. Silverchair, vijana watatu wa Newcastle kule New South Wales, mwaka 1994 wakiwa bado wanafunzi walishinda shindano la demo lililoandaliwa na Triple J, redio ya vijana ya taifa, pamoja na televisheni ya SBS. Wakapewa nafasi ya kurekodi wimbo wao kwenye studio ya Triple J, wimbo ukafika namba moja nchi nzima. Albamu yao ya kwanza, Frogstomp, ikarekodiwa Sydney na prodyuza Kevin Shirley kwa siku 9 tu, ikatoka Machi 1995 na ikavuka mpaka Marekani. Siku 9! Sisi tukapiga hesabu pale mazoezini, kama watoto wa miaka 15 wamemaliza albamu kwa siku 9 basi sisi watu wazima nyimbo saba tunazimaliza kwa wikiendi. Hatukujiuliza wale watoto walifanya nini kabla ya hizo siku 9, kwamba walikuwa na miaka wanapiga pamoja gerejini, na nyimbo zilikuwa zimeshakaa mikononi kabla hawajawasha mashine yoyote.

Tukakodi studio nzuri, dola 650 kwa siku injinia wa sauti akiwa ndani, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi asubuhi yote iliishia kwenye dramu, kufunga maiki kwenye kiki, yani ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu, kwenye ngoma nyingine za snea na tomu, maiki mbili juu, kusogeza hii kidogo, gonga tena, gonga tena, mpaka tumekula mchana hatujarekodi hata noti moja na saa inahesabu. Hili hamna mtu aliyetuambia, kwa hiyo mimi nakwambia wewe, nusu siku ya kwanza ni ya kufunga vitu na hiyo ni kawaida, usigombane na injinia.

Alafu ikaja kliki. Ile sauti ya tik tik kwenye hedfoni inayomshikia mpiga dramu mwendo. Wetu hakuwahi kufanya nayo mazoezi na sisi wenyewe tulikuwa tumezoea kuongeza kasi tukifika kwenye kiitikio, sio kwa bahati mbaya, ndo wimbo ulivyokuwa unapumua. Kliki haijui hayo. Akawa anaifukuza, inamwacha, anaifukuza tena. Wakati huohuo sisi watatu tumesimama chumba cha pili tunabishana utangulizi urudiwe mara ngapi na kama beti ya pili ina gitaa moja au mawili, mabishano ya mazoezini kabisa, ila kwa dola 650. Jumapili jioni tuliondoka na dramu za nyimbo tatu, vipande vya besi, na mpiga dramu, kijana wa watu, kakaa ukingo wa barabara nje hasemi kitu. Nilikaa naye pale muda mrefu. Alikuwa anaamini yeye ndo kaiangusha bendi, na mimi nasema mpaka leo sio yeye, ukimpeleka mtu kupimwa kwa kitu ambacho hamjawahi kukifanyia mazoezi mmemwonea.

Wiki ile nikampigia mjomba wangu Morogoro. Mjomba alipiga tarumbeta kwenye bendi za dansi miaka ya 80, na kurekodi kwao ilikuwa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, maana kwa upande wa bara studio ilikuwa kama ndo hiyohiyo. Nikamweleza yote. Akakaa kimya alafu akaniuliza.

"Mjomba, hizo nyimbo mlikuwa mmezipiga mbele za watu mara ngapi?"

"Mbili tumezipiga kiasi mjomba, zingine bado."

"Sasa mlienda studio kufanya nini?"

Shikamoo yangu ilikuwa ya heshima lakini jibu sikuwa nalo. Akanielezea kwamba wao walikuwa wanaingia bendi nzima chumba kimoja, waimbaji, magitaa, ngoma, tarumbeta na saksafoni, maiki za kuhesabu, na mtu mmoja akiteleza mnarudia wote tangu mwanzo. Kwa hiyo wimbo ulikuwa haupelekwi pale mpaka umechezwa baa na ukumbini miezi na miezi, wacheza dansi wameshaonyesha kwa miguu yao wapi unapoa na wapi unapanda. "Pale tulikuwa tunaenda kuandikisha, kutunga tumeshatunga huku," akasema. Nikawapelekea wenzangu maneno hayo kwa Kiingereza changu na nadhani yalitusaidia kuliko video zote tulizokuwa tunaangalia.

Tukasimamisha kila kitu cha studio. Tukaanza kutafuta shoo ndogondogo, Collingwood, Fitzroy, Brunswick, siku za katikati ya wiki ambapo unapiga wa kwanza kwa watu kumi na wawili na nusu yao ni bendi inayofuata. Hapa niseme kitu, Melbourne ina bahati kubwa ya pabu za muziki na hiyo bahati watu waliipigania. Mwaka 2010 pabu ya Tote Hotel pale Collingwood ilipofungwa kwa sababu ya masharti ya leseni za pombe, maelfu ya watu waliandamana katikati ya jiji kutetea muziki wa laivu, na Tote ikafunguliwa tena. Kijana usipuuze shoo ya watu kumi na wawili, kuna watu walitembea barabarani ili hiyo shoo iwepo.

Mazoezi nayo tukayabadilisha. Simu moja inawekwa kona ya chumba, mbali na amplifaya, inarekodi yote, alafu kila mtu anasikiliza kwenye treni akienda kazini. Ukijisikia kwenye treni umetulia, bila gitaa mkononi, unasikia mambo ambayo chumbani huyasikii, mimi nilisikia kwamba kwenye wimbo wetu wa pili napiga noti nyingi mno kwenye beti na nazigombanisha na kiki. Nikapunguza, mpiga dramu naye akapunguza, tukaanza kukanyaga sehemu moja, na ghafla magitaa yakapata nafasi. Nyimbo saba zikawa nne. Kukata zile tatu iliuma, moja ilikuwa ya mwimbaji kuhusu baba yake, ila haikuwa tayari na yeye mwenyewe ndo alisema iwekwe pembeni.

Kuhusu kliki tulifanya hivi, na hii naipendekeza sana. Tulichukua rekodi za simu za siku wimbo ulipokaa vizuri jukwaani, tukapima mwendo wake kwa programu ya kugongagonga kwenye simu, beti peke yake na kiitikio peke yake. Kama kiitikio kinapanda kidogo, tukaitengeneza kliki nayo ipande kidogo palepale. Mpiga dramu akapewa hiyo kliki aishi nayo nyumbani. Nyimbo mbili tukaamua hazitaki kliki kabisa, tukaziacha zipumue zenyewe. Sio dhambi, watu wanadhani ni lazima.

Tulivyorudi kurekodi tulichagua studio ndogo zaidi, dola 500 kwa siku, na injinia ambaye tulimfuata kwanza tukakaa naye kwenye kahawa tukamsikilizisha rekodi za simu. Huyu alikuja hadi mazoezini kutusikiliza! Tafuta mtu wa namna hiyo, bora kuliko maiki ya bei mbaya. Ngozi za dramu tulibadilisha na kuziweka sawa siku moja kabla. Nyaya za besi niliweka mpya siku chache kabla ili ule mlio wa chuma mpya upungue, na tukarekodi besi njia mbili kwa pamoja, moja inaingia moja kwa moja kwenye mashine, ni safi haina rangi, nyingine ya maiki mbele ya amplifaya. Ukiwa na ile safi unaweza kuibadilisha baadaye kadri unavyotaka, ukiwa na ya amplifaya peke yake na ilichafuka ndo basi tena.

Tukapiga wote pamoja tunaonana, amplifaya zimefungiwa vyumba vingine, mwimbaji anaimba ya kutuongoza tu. Lengo lilikuwa dramu na besi zikae, gitaa likikaa nalo ni faida. Tukakubaliana kitu kimoja kabla, kwamba mkimaliza kupiga anayeongea wa kwanza ni injinia, sio sisi, maana siku zile za kwanza kila wimbo ukiisha watu wanne walikuwa wanaanza kujitetea kwa mpigo. Unajua kimya cha dakika moja baada ya kupiga kinaokoa hela ngapi? Wimbo wa tatu tuliupata mara ya pili tu na wote tulijua, mpiga dramu alikuwa anacheka peke yake nyuma ya simbali. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, na huyo ndo yule yule aliyekaa ukingo wa barabara.

Sauti hatukurekodi studio kabisa. Mwimbaji wetu alikuwa anaimba vizuri usiku na akiwa peke yake, kwa hiyo tukakodi maiki nzuri tukatundika mablanketi chumbani kwake, akarekodi kwa laptopu wiki nzima bila saa ya mtu kumhesabia. Pale kuna hela imeokolewa, na sauti zilitoka nzuri kweli.

Kumiksi, yani kuchanganya na kusawazisha kila kilichorekodiwa kiwe wimbo mmoja. Hapa ndo kuna kidonda. Kuna mtu tulipendekezewa, ana kazi nzuri kweli, akataka dola 800 zote mkononi kabla ya kuanza, tukampa. Alituletea nyimbo mbili nusunusu alafu akapotea, simu haipokelewi, meseji zimesomwa hazijibiwi. Hatukuwa na karatasi yoyote. Kilichotuokoa ni kwamba mpiga dramu siku ya mwisho studio alikopi mafaili yote ghafi kwenye diski mbili za kuhifadhia, moja kwake moja kwangu, kwa hiyo tulipoteza hela lakini kazi hatukupoteza. Wa pili tulimlipa nusu mwanzo na nusu mwisho, tukaandikiana kwa barua pepe bei ni kiasi gani, lini, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Akatoza dola 1,200 nyimbo nne na alizifanyia haki.

Na kwenye marekebisho, mtu mmoja tu wa bendi awe ndo anaongea na fundi. Sisi mwanzo tulikuwa tunamwandikia wote, mimi nataka besi ipande, mwenye solo anataka solo ipande, mwimbaji anaona aibu na sauti yake anataka ishuke, ukimsikiliza kila mtu muziki unakuwa ukuta. Tukaanza kusikiliza kwanza sehemu tofauti, kwenye gari, kwenye spika ndogo ya jikoni, kwenye hedfoni za bei rahisi, alafu tunaandika orodha moja. Baadaye ikaja kumasta, yani kuupiga wimbo uliomiksiwa msasa wa mwisho kabla haujatoka, kama dola 120 kwa wimbo, mtu mwingine mwenye masikio mapya, na kama una mpango wa santuri mwambie mapema maana santuri inataka masta yake. Besi za chini kabisa zinatakiwa zikae katikati, na herufi s kali za mwimbaji zinachafuka ukikaribia ndani ya santuri ambako mzunguko ni mdogo.

Santuri zetu tuliziagiza kabla masta haijakamilika. Tuliona kiwanda kina foleni ndefu tukasema tuwahi nafasi, alafu tukatangaza na tarehe ya uzinduzi kwenye pabu, mabango yakabandikwa Brunswick nzima. Zile 300 za inchi 12 zilikula karibu dola 4,600, ndo kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi, studio mbili zikijumlishwa hazifiki hapo. Nakala za majaribio zilipokuja wimbo wa mwisho ulikuwa na hizo s zinakwaruza, ikabidi masta irudi, kiwanda kikatusogeza nyuma ya foleni, na haki yao, sisi ndo tuliochelewa. Uzinduzi ukafika meza yetu haina santuri. Watu walikuja wengi, chumba kilijaa, tuliuza tisheti na vikaratasi vya namba za kupakulia nyimbo, ila yule mtu aliyekuja na hela mkononi anataka kitu cha kwenda nacho nyumbani usiku ule humpati tena. Santuri zilipotua miezi baadaye msisimko ulikuwa umepoa.

Kwa hiyo tarehe ya kutoa kazi inapangwa ukiwa na masta iliyokubaliwa na wote, na kama kuna santuri unasubiri ziwe ndani ya nyumba yako. Hapo ndo unahesabu kwenda mbele. Muziki duniani unatoka Ijumaa, ilianza 2015. Spotify inataka umependekeza wimbo wako kwa wahariri wao angalau siku 7 kabla haujatoka na lazima uwe umeshafika kwa msambazaji, yani kampuni inayokupelekea muziki wako Spotify na kwingine, sisi saivi tunaweka wiki sita ili kama jina limekosewa au picha imekataliwa kuna muda. Kila rekodi ya wimbo ina namba yake ya utambulisho inayoitwa ISRC, msambazaji anakupa, iandike mahali maana malipo ya rekodi yako yanafuata hiyo namba.

Redio kwa hapa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Triple J wana Triple J Unearthed, unapandisha wimbo bure na watu wa redio wanasikiliza kweli. Alafu kuna redio za jamii, Melbourne tuna 3RRR na PBS, Brisbane kuna 4ZZZ, Sydney FBi, watangazaji wao wengi wanachagua nyimbo wenyewe, hamna mtu juu anayewapangia. Kuna mfumo unaitwa Amrap unaopeleka muziki wa Australia kwenye redio za jamii nchi nzima. Msitume barua moja kwa watangazaji hamsini, sikiliza kipindi kwanza, mwandikie yule ambaye anapiga vitu vinavyofanana na vyako, mistari minne inatosha. Bendi ya The Saints wa Brisbane mwaka 1976 hawakuwa na lebo, yani kampuni ya kutoa muziki, wakatoa singo, santuri ndogo, kwa nguvu zao wenyewe nakala 500, nyingine zikatumwa kwa magazeti ya Uingereza, gazeti la Sounds likaisifia kupita kiasi na EMI London wakaambia tawi lao la Sydney liwasaini. Zile nakala za kutuma zilifanya kazi kubwa kuliko za kuuza. Sisi katika 300 tulitenga 30 za redio na waandishi, na ni moja ya hizo iliyofanya mtangazaji mmoja wa usiku aupige wimbo wetu wa tatu, mimi nikiwa ghalani kwenye zamu, redio ya forklifti ya mwenzangu imefunguliwa, nikasikia besi yangu. Nikawaambia wote niliowakuta, hata msimamizi.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo kwa mfuatano halisi lilipaswa kuwa mwanzo kabisa, ila sisi tuliligusa mwishoni kwa hiyo nalo naliweka mwishoni. Wimbo ni wa nani.

Hapa watunzi wanajiandikisha APRA, shirika linalokusanya malipo ya watunzi, kujiunga ni bure. Ukisajili wimbo unatakiwa useme kila mtunzi ana asilimia ngapi na jumla iwe 100. Na elewa kwamba kuna vitu viwili tofauti, wimbo wenyewe, yani maneno na muziki, na rekodi ya huo wimbo, ambayo ina wenyewe pengine tofauti na ina malipo yake kupitia PPCA, shirika linalokusanya malipo ya rekodi, redio zikiipiga. Sisi tulikaa mezani kujaza hizo asilimia wimbo ukiwa umeshapigwa redioni. Mwimbaji alileta maneno na kodi za gitaa, yani zile noti zinazopigwa kwa pamoja kubeba wimbo, anaona wimbo ni wake. Dada wa solo anasema ile mistari ya gitaa ambayo watu wanaiimba kwa mdomo ni yake, na kweli ni yake. Mimi nina besi ya utangulizi ambayo mtangazaji aliisifia hewani. Hamna aliyekuwa mwongo pale mezani na ndo ilikuwa ngumu. Maneno yaliyotoka jioni ile mengine hayakurudi. Tulimaliza kwa 25 kila mmoja kwenye nyimbo zote nne, mwimbaji alisaini lakini aliumia na nilimwona, na dada wa solo aliondoka kwenye bendi kabla mwaka haujaisha. Tunasalimiana vizuri, ila hatupigi pamoja.

Wimbo ukikamilika mazoezini, kabla hamjafunga magitaa, chukueni karatasi muandike jina la wimbo, tarehe, nani ana ngapi, msaini wote, piga picha mtumiane. Dakika tano. Wakati huo wimbo hauna thamani yoyote kwa hiyo hamna anayegombana. Mkitaka kugawana sawa gawaneni sawa, mkitaka mwenye maneno apate zaidi apate zaidi, mimi sina upande, ila iwe kabla.

Na hela ilirudi vipi? Jumla yote ilipita kidogo dola 10,000, tukijumlisha studio zote mbili, yule aliyepotea, kumiksi, masta, santuri na picha ya jalada. Karibu nusu ilirudi mwaka wa kwanza. Kubwa ni santuri na tisheti tulizouza mkononi baada ya shoo, alafu Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, ambako wanakata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua na 10 kwa vitu vya kushika, alafu APRA, na ya mwisho kabisa ni kustrimu, yani watu kusikiliza mtandaoni. Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya mwaka haulipwi kitu, nyimbo zetu mbili hazikufika. Ya APRA wengi wanaiacha mezani, ukipiga nyimbo zako kwenye pabu unajaza ripoti ya ulichopiga na wapi, na mtunzi analipwa hata kama walikuwepo watu kumi na wawili. Pabu imeshalipia leseni ya muziki, ukikaa kimya fungu lako halikufikii.

Kuna kundi la vijana wanne wa Dandenong, dada wawili na kaka wawili, wazazi wao ni Wabembe, wanaimba Kiswahili juu ya magitaa yenye distosheni na mimi sijawahi kusikia kitu kama hicho. Waliniita wakiwa wameshachangisha dola 1,000, wanataka studio wiki inayofuata. Nikawaomba wanipigie nyimbo zao. Wana tano, tatu zimekaa vizuri, ya nne inasimama katikati kila mara wanapofika kwenye daraja, ile sehemu tofauti inayounganisha beti na kiitikio. Karatasi za asilimia wamesaini jioni ileile kwenye meza ya mama yao, hela wameiweka benki, na wamepata shoo Footscray mwezi ujao. Nimewaambia nitakuja kuwasikiliza tena Jumapili na nataka ule wa nne wanipigie tangu mwanzo mpaka mwisho bila mtu kusimama.